Misa ya Wafu ya Mozart: nani hasa aliiandika?

Katika Maktaba ya Taifa ya Austria, mjini Vienna, kuna kitabu cha noti chenye sahihi juu ya ukurasa wa kwanza: "di me W: A: Mozart", yaani kimetungwa nami Mozart. Pembeni kuna mwaka, 792, ambao ni ufupisho wa 1792. Hapo ndipo penye kasheshe. Wolfgang Amadeus Mozart alikata roho tarehe 5 Desemba 1791, yapata saa saba kasoro dakika tano usiku, na maiti haitii sahihi. Aliyeitia ni msaidizi wake, Franz Xaver Süssmayr, kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye mwandiko wake ulifanana na wa Mozart kiasi cha kuwababaisha hata watu waliomfahamu Mozart kwa karibu.

Kitabu hicho ni Requiem, Misa ya wafu ya kwaya, waimbaji wanne wa pekee na okestra. Maneno yake ya kwanza ni yaleyale ambayo kila Mkatoliki wa kwetu ameyasema makaburini: raha ya milele uwape, ee Bwana. Lakini wengi wanaijua kwa visa vyake kuliko kwa muziki wake. Wamesikia habari za mjumbe aliyevaa kijivu na kukataa kutaja jina, za mtunzi aliyeamini anaandika misa ya maziko yake mwenyewe, za sumu, na za Antonio Salieri aliyeketi kando ya kitanda akinakili noti za mgonjwa. Kisa hicho cha mwisho kimetoka kwenye filamu ya Amadeus ya mwaka 1984, na ni cha kubuni. Salieri hakuwapo kitandani, wala hakumpa mtu sumu. Miaka ya baadaye alimfundisha muziki mtoto mdogo wa Mozart, na mama mtu ndiye aliyempeleka. Ukweli wa Requiem una mwinyi mwenye tamaa ya sifa, madeni ya mahakamani, na mjane aliyelazimika kudanganya ili watoto wale. Mimi naona unashinda filamu.

Tuanze na mwinyi. Franz von Walsegg alikuwa na kasri Stuppach, karibu na Gloggnitz, kusini mwa Vienna, na machimbo ya jasi yaliyomwingizia fedha. Alipenda muziki kupita kiasi. Alipiga fluti na selo, na mara mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, aliwakusanya watumishi na walimu wa shule waliokuwa chini yake wapige muziki kasrini. Mmoja wa walimu hao, Anton Herzog, aliandika kumbukumbu zake mwaka 1839, akaeleza mchezo wa bwana wake. Walsegg aliagiza kazi kwa watunzi kwa siri na kuwalipa vizuri, kisha akazinakili zote kwa mkono wake. Nakala ile ndiyo wapigaji waliyopewa. Baada ya kupiga aliwauliza wakisie mtunzi ni nani. Wao, wakijua vizuri mkate wao unatoka wapi, walijibu kuwa ni yeye, naye akatabasamu bila kukataa. Herzog hakumchukia kwa hilo, aliona ni burudani isiyomdhuru mtu. Hata hivyo kumbukumbu zake zilizuiwa zisichapishwe, na ulimwengu ukaja kuzisoma mwaka 1964.

Tarehe 14 Februari 1791, mke wa Walsegg, Anna, alifariki akiwa na miaka 20. Mwinyi alitaka misa ya kumwombea kila mwaka, na kwa desturi yake alitaka misa hiyo iwe "yake". Kiangazi cha mwaka huo mtu aliyetumwa na Walsegg alimfikia Mozart na agizo: aandike Requiem, apokee sehemu ya malipo mbele, asiulize ni ya nani. Ndiye "mjumbe wa ajabu". Usiri ule ulikuwa wa kibiashara tu. Anayetaka kujifanya mtunzi hawezi kuagiza kwa jina lake.

Kwa nini Mozart alikubali? Kwa sababu alihitaji fedha, na pia kwa sababu alitamani kurudi kwenye muziki wa kanisani. Mwaka ule alikuwa ameahidiwa nafasi ya mkuu wa muziki katika kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, mkuu aliyekuwapo akishafariki. Ila muda hakuwa nao. Kazi zilimjia kwa mkupuo. Opera ya La clemenza di Tito ilipaswa kuwa tayari Prague kwa sherehe za kumtawaza Kaisari Leopold wa Pili kuwa mfalme wa Bohemia, nayo ikaonyeshwa tarehe 6 Septemba. Opera nyingine, Die Zauberflöte, ilifunguliwa Vienna tarehe 30 Septemba. Hapo katikati na baada yake kulikuwa na konseto ya klarineti kwa rafiki yake Anton Stadler, na wimbo wa chama chake cha Wamasoni. Requiem ilisukumwa nyuma, ikachukuliwa tena, ikaachwa tena.

Juu ya hayo, tarehe 9 Novemba mahakama ilitoa hukumu kwamba Mozart amlipe mwanamfalme Karl Lichnowsky gulden 1,435 na kreuzer 32, fedha za Austria ya wakati ule. Mshahara wake wa mwaka kutoka ikulu ulikuwa gulden 800. Siku kumi na moja baada ya hukumu hiyo alianguka kitandani, hakuinuka tena. Kitabu cha vifo kiliandika homa kali yenye vipele. Madaktari wa baadaye wamependekeza magonjwa chungu nzima, kuanzia baridi yabisi mpaka figo, waachieni.

Hofu ya sumu nayo haikuzuka hewani. Franz Niemetschek, aliyeandika maisha ya Mozart mwaka 1798 kwa msaada wa mjane, anasimulia kwamba siku moja wakiwa matembezini katika bustani ya Prater, Mozart alimwambia mkewe kuwa anaiandika Requiem kwa ajili yake mwenyewe na kwamba bila shaka amelishwa sumu. Huenda aliyasema kweli, kwani mgonjwa mwenye huzuni husema mengi. Lakini angalia aliyeisimulia habari hiyo, na angalia alikuwa akiuza nini.

Hapa lazima tuelewe Mozart aliandikaje, maana ndipo wengi wanapopotea wanaposikia kazi "haikumalizika". Hakuandika ukurasa kuanzia juu hadi chini, ala zote kwa pamoja. Kwanza aliweka sauti za waimbaji na mstari wa besi, na tarakimu za kumwelekeza mpiga kinanda cha kanisa. Kisha aliongeza dokezo za ala pale zilipokuwa na jambo la pekee la kusema: fidla ya kwanza hapa, tromboni pale. Mwisho alirudi kujaza nafasi zilizobaki. Ni kama nyumba iliyosimamishwa nguzo na paa, ikangoja kukandikwa. Mafundi wanaopokea nyumba ya namna hiyo wanajua vyumba viko wapi. Hawajui tu mwenye nyumba alitaka madirisha ya namna gani.

Sasa hali ilivyokuwa alfajiri ya tarehe 5 Desemba. Sehemu iliyokamilika kabisa, kila ala ikiwa mahali pake, ilikuwa moja tu: wimbo wa mwanzo. Kyrie inayofuata, ile fuga (wimbo ambao sauti hufuatana zikipokezana wazo moja) inayokimbia kama moto wa nyika, ilikuwa na sauti zote na besi. Ala zilijazwa na wengine. Katika sehemu zinazofuata, kuanzia Dies irae hadi Confutatis, kulikuwa na sauti, besi na dokezo. Tromboni inayoanza Tuba mirum ni ya Mozart mwenyewe. Lacrimosa ilikuwa na vipimo vinane tu, yaani vile vipande vifupi vya mapigo vinavyotenganishwa na mistari ya wima kwenye noti. Halafu Domine Jesu na Hostias, zote mbili zikiwa na sauti na besi mpaka mwisho. Sanctus, Benedictus na Agnus Dei hazina hata noti moja kwa mkono wa Mozart katika kitabu hicho. Na komunyo ya mwisho haikuwapo.

Lacrimosa inafaa kusikilizwa polepole. Vipimo viwili vya kwanza ni ala za nyuzi peke yake, kama pumzi za mtu anayejizuia kulia. Kwaya inaingia, na kuanzia kipimo cha tano sauti ya kwanza inapanda ngazi kwa ngazi, nusu kwa nusu, huku maneno yakisema mwanadamu mwenye hatia atafufuka toka majivuni akahukumiwe. Kwenye kipimo cha nane kwaya yote imefika kileleni. Hapo mwandiko wa Mozart unakoma. Mwanakwaya anayeimba kipande hiki anavuka mpaka bila kuuona, maana kinachofuata kinarudi kwenye wazo lilelile, na ukweli ni kwamba hakijaharibu kitu.

Mjane wake, Constanze Mozart, alikuwa na miaka 29, mtoto wa miaka saba na mwingine wa miezi minne, na madeni. Alimwandikia Kaisari barua ya kuomba pensheni siku sita baada ya kifo cha mumewe. Alikuja kupewa gulden 266 na kreuzer 40 kwa mwaka, theluthi moja ya mshahara wa marehemu. Requiem ilikuwa imeshalipiwa sehemu. Kama mwagizaji angejua kwamba haikumalizika, angeweza kudai fedha zake, na malipo yaliyobaki yangepotea. Kwa hiyo kazi ilipaswa kumalizwa kimya kimya na kukabidhiwa kuwa ya Mozart kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu wamemsema vibaya mama huyu kwa miaka mia mbili. Sijamwona bado anayemsema vibaya akaeleza yeye angefanyaje.

Mtu wa kwanza aliyemwendea hakuwa Süssmayr. Alikuwa Joseph Eybler, mtunzi ambaye Mozart alimheshimu na kumwandikia hati ya sifa. Tarehe 21 Desemba 1791 Eybler alitia sahihi kwamba amepokea karatasi na ataimaliza kazi kabla Kwaresima haijafika mbali. Alianza vizuri. Alijaza ala za Dies irae na zinazofuata mpaka Confutatis moja kwa moja kwenye karatasi za Mozart, kwa adabu na akili, na wapo wataalamu wanaoona ujazaji wake unashinda uliotumika mwishoni. Alipofika kipimo cha tisa cha Lacrimosa aliandika vipimo viwili vya sauti ya kwanza, akaweka kalamu chini. Akarudisha kila kitu. Alikuja kuwa mkuu wa muziki wa ikulu ya Vienna, na mwaka 1833 alipigwa na kiharusi akiwa anaongoza kazi, na kazi yenyewe ilikuwa hiyohiyo Requiem ya Mozart. Ukiweka jambo hilo kwenye riwaya, mhariri atalifuta.

Kwa nini Constanze hakuanza na Süssmayr, aliyekuwa nyumbani kwao akimsaidia Mozart? Miaka mingi baadaye aliandika kwamba wakati ule alikuwa amemkasirikia, na sababu hakuikumbuka tena. Hasira ndogo za nyumbani zimepotosha historia za watu wakubwa kuliko hawa. Eybler aliposhindwa, kazi ikamrudia Süssmayr. Alinakili karatasi za Mozart, akajaza ala upya, akamalizia Lacrimosa, akaandika Sanctus, Benedictus na Agnus Dei, na kwa komunyo akarudisha muziki wa wimbo wa mwanzo na Kyrie kwa maneno mapya. Kisha akatia ile sahihi, kitabu kikaenda kwa Walsegg.

Vichekesho vikaanza. Walsegg alinakili kitabu chote kwa mkono wake, akakipa kichwa kwa Kitaliano: Requiem, imetungwa na Walsegg. Aliiongoza mwenyewe tarehe 14 Desemba 1793 katika kanisa la watawa mjini Wiener Neustadt. Alikuwa amechelewa. Tarehe 2 Januari mwaka huohuo, Baroni Gottfried van Swieten alikuwa tayari ameipiga Vienna, kwa jina la Mozart, ili kumchangia mjane. Constanze alikuwa amebaki na nakala, naye aliziuza: mmoja wa wanunuzi alikuwa mfalme wa Prusia, Friedrich Wilhelm wa Pili. Mwaka 1800 kampuni ya Breitkopf & Härtel ya Leipzig iliichapisha, na Walsegg akaona kazi yake ya siri ikiuzwa madukani. Alikuja juu akitaka alipwe. Mwishowe alitulizwa, na sidhani alikuwa na njia nyingine; angekwenda mahakamani angelazimika kueleza kwanza mbele ya watu kwa nini aliinunua.

Yaani kazi moja ilikuwa na waongo watatu. Walsegg alidai ni yake. Constanze alidai ni ya mumewe yote. Süssmayr alighushi sahihi, akanyamaza. Mtu wa kwanza kuvunja ukimya ni huyu wa tatu. Wachapishaji walipomuuliza, aliwajibu kwa barua ya tarehe 8 Februari 1800 kwamba Sanctus, Benedictus na Agnus Dei amezitunga yeye, mpya kabisa. Alifariki mwaka 1803 kwa kifua kikuu, na heshima ya kazi ile hakuipata. Wakati ilipochapishwa, jina lililouza lilikuwa moja.

Je, tumwamini? Hapa ndipo fundo linapokaza. Mwaka 1825 Gottfried Weber, mwananadharia wa muziki, alichapisha makala akisema sehemu kubwa ya Requiem si ya Mozart, na ugomvi wa magazetini ukawaka kwa miaka. Padri Maximilian Stadler, rafiki wa familia, alimjibu kwa kuonyesha karatasi zenyewe, ambazo zilikuwa mikononi mwake na mwa Eybler. Johannes Brahms alipohariri kazi hii kwa toleo la mwaka 1877, alitia herufi M na S kila mahali kuonyesha kipi ni cha Mozart na kipi cha Süssmayr. Ila Constanze alikuwa amesema pia kwamba mezani palibaki vijikaratasi vyenye mawazo, na kwamba alimpa Süssmayr. Vijikaratasi hivyo vilipotea, na madai yao yakabaki: huenda hata Agnus Dei ina mbegu ya Mozart ndani.

Sikio lina ushahidi wake. Sanctus iko katika ufunguo wa D meja na inaishia kwa Osanna, fuga fupi. Baada ya Benedictus, iliyo katika ufunguo wa B flati, Osanna inapaswa kurudi katika ufunguo wake wa kwanza. Ndivyo desturi ya misa za wakati ule ilivyotaka. Süssmayr ameirudisha katika B flati. Mozart, aliyeandika misa tangu utotoni, asingefanya hivyo hata akiwa na homa. Kwa upande mwingine, Agnus Dei imesukwa vizuri kuliko kazi nyingine yoyote ya kanisani tunayoijua ya Süssmayr, na mstari wa besi wake unabeba lile wazo la kwanza kabisa la wimbo wa mwanzo. Mtu aliyekosea jambo dogo kwenye Osanna amepata wapi wazo hilo? Ama alikuwa na kijikaratasi, ama alimsikia Mozart akilieleza, ama siku hiyo alijipita mwenyewe. Mimi naegemea njia mbili za kwanza, bila kuapa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtafiti Wolfgang Plath alikuta Berlin karatasi ya rasimu yenye mwandiko wa Mozart. Pamoja na kipande cha Rex tremendae kulikuwa na mwanzo wa fuga ya neno moja, Amina, vipimo kumi na sita, na wazo lake kuu ni lile la wimbo wa mwanzo lililogeuzwa juu chini. Yaelekea Mozart alikusudia Lacrimosa ifungwe na fuga hiyo. Süssmayr aliifunga kwa Amina ya vipimo viwili. Ama hakuiona karatasi, ama aliiona akajua uwezo wake unaishia wapi.

Kitabu chenyewe kilikusanywa maktabani Vienna kipande kwa kipande katika miaka ya 1830: Stadler alitoa sehemu yake, Eybler yake, na kile chenye sahihi ya kughushi, alichokabidhiwa Walsegg, kikaja mwisho. Kilisafiri mwaka 1958 kwenda kwenye maonyesho ya dunia mjini Brussels, na huko mtu alichana kona ya ukurasa wa mwisho wa Hostias. Kwenye kona ile Mozart alikuwa ameandika kifupi cha kuagiza "Quam olim" irudiwe, na wapo wanaoamini kuwa ndiyo maneno yake ya mwisho kwenye karatasi. Hayajapatikana hadi leo.

Uvumbuzi wa fuga uliwapa watu ujasiri. Franz Beyer alisahihisha ala za Süssmayr mwaka 1971. Richard Maunder alikwenda mbali zaidi, akaziondoa kabisa Sanctus na Benedictus na kuweka fuga ya Amina. Robert Levin, kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 200 ya kifo, aliitunga fuga hiyo hadi mwisho lakini akamhifadhi Süssmayr kwa kumnyoosha hapa na pale. H. C. Robbins Landon alirudi kwa Eybler. Kila mmoja ana hoja, na nimezisikia zote. Ya Maunder inanivutia kwa ukali wake na kunikera kwa sababu hiyohiyo: anaondoa muziki ulioimbwa na watu kwenye kumbukumbu ya mtunzi Haydn mwaka 1809 na kwenye mazishi ya mtunzi Chopin mwaka 1849, kwa kosa la kuandikwa na mtu asiyetakiwa. Süssmayr alikuwepo chumbani, alizungumza na Mozart, aliijua sauti ile ilipokuwa bado hai. Wahariri wetu wana maarifa zaidi yake, ila hawana hilo.

Kwa hiyo ukitafuta rekodi, jina la Mozart litakuwa kubwa juu. Shuka chini kwenye maandishi madogo utafute Beyer, Maunder, Levin au Landon. Usipoona jina lolote, unamsikiliza Süssmayr.